Aliyekaa Benchi la Juu

Ilmari Säkkinen alikuwa amelala chali kwenye kochi la kijani, macho ameyafumba, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtoto aliyeshiba, pale alipotamka jambo ambalo halikutarajiwa.

"Kuna mtu humu," alisema.

Tellervo Karppinen hakushtuka. Kazi yake ilikuwa kuwalaza watu kwa maneno, tiba ile iitwayo hipnosisi, na mtu aliyelazwa kwa maneno huona mengi. Chumba chake kilikuwa ghorofani karibu na mto, mjini Kajaani, na kwa miaka mingi kilikuwa kimepokea walimu waliochoka, wauguzi wasiopata usingizi, na wanaume waliotoka kukata magogo msituni wakiwa na machozi wasiyojua yanakotoka. Hakuwapa vidonge. Aliwapa sauti. Ilikuwa sauti ya chini, ya taratibu, isiyoharakisha mtu, na waliowahi kuisikia walisema ni kama kufunikwa blanketi na mama. Kwa sauti hiyo aliwashusha ngazi baada ya ngazi hadi mahali pa amani ambapo kila mmoja alijichagulia mwenyewe, na huko akawaambia watue mzigo wao.

Ilmari alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Majira ya baridi yaliyopita aliitwa kwenye ajali, basi la shule na lori la magogo, na tangu siku hiyo kila alipofumba macho alisikia vioo vikipasuka. Mahali pake pa amani palikuwa sauna ya marehemu babu yake, kijumba cha magogo cha kuogea mvuke kando ya ziwa Oulujärvi, chenye jiko la mawe na mabenchi ya ngazi.

"Ni mtu gani, Ilmari?" Tellervo aliuliza.

"Mwanamke. Amekaa benchi la juu. Amenipa mgongo."

"Anafanya nini?"

"Anakusikiliza wewe," alisema.

Tellervo alitabasamu peke yake. Alifundishwa kwamba lolote atakaloleta mgonjwa ni lake mwenyewe, limetoka ndani yake, na mganga mzuri halifukuzi bali hulitumia. Huenda alikuwa bibi yake Ilmari, au ni ule upande wake wa huruma umejivika umbo. Basi akasema kwa ile sauti yake, "Muulize kama anaweza kukupokelea hofu yako. Kama anakubali, mwachie."

Midomo ya Ilmari ilitikisika bila sauti. Kisha akasema, "Amekubali. Anasema amekaa na njaa muda mrefu."

Hapo ndipo Tellervo aliposikia harufu. Ilikuwa harufu ya masizi yaliyolowa, kama jiko lililomwagiwa maji baridi likazimika ghafla, na chumba kile hakikuwa na jiko. Alifungua dirisha. Mei ilikuwa inaishia, barafu ya mtoni imekwisha kuondoka, na upepo ulioingia ulinukia majani machanga tu. Alipomrudisha Ilmari juu, ngazi moja moja, mwanamume yule alikaa, akajigusa kifua kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza, akacheka.

"Haipo," alisema. "Daktari, imeondoka kabisa."

Usiku huo alilala, na uliofuata akalala. Juma lililofuata alimletea Tellervo muikku wa kuokwa kwa moshi, vile visamaki vyembamba vya ziwani, vimefungwa gazetini, vingi kuliko ambavyo watu wawili wangevimaliza. Mumewe Tellervo, Kauko, dereva mstaafu wa mashine za kukatia miti, alivila kwa mkate mweusi na siagi huku akimtania.

"Mama, ukimponya mwingine, mchague mwenye ng'ombe. Samaki tunao."

"Na wewe nitakuponya lini?"

"Mimi? Mimi nalala mwenyewe bila kusindikizwa," Kauko alijibu, na ilikuwa kweli, katika ndoa yao yote hakuwahi kukubali kulazwa kwa maneno hata kwa mzaha.

Kisha akaja Vieno. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba aliyeshikwa na kihoro kila alipoingia darasani, moyo ukamwenda mbio hadi akashindwa kusoma alichokiandika ubaoni. Hakumjua Ilmari. Mahali pake pa amani hapakuwa sauna, palikuwa chumba cha shangazi yake mjini Oulu, chenye cherehani, kabati kubwa na maua dirishani. Tellervo alimshusha. Vieno akafika, akatulia, akaeleza pazia na saa ya ukutani. Halafu pua yake ikakunjamana.

"Pananuka masizi," alisema.

Tellervo alisogeza kiti karibu.

"Kuna mwanamke. Amekaa juu ya kabati. Magoti yake yamegusa dari. Amenipa mgongo."

Tellervo aliona mikono yake mwenyewe imeng'ang'ania kingo za kiti kama mtu aliye ndani ya gari linaloteleza. Akaanza kumpandisha Vieno haraka, akiruka maneno, na mwalimu yule akafumbua macho amekasirika kidogo.

"Mbona umenitoa mapema? Ndio kwanza nilikuwa nautua mzigo, kama ulivyoniambia nimwachie yule."

"Mimi sikukuambia umwachie."

"Umeniambia," Vieno alisema. "Nimekusikia vizuri. Sauti yako naijua."

Alipoondoka, Tellervo aligusa kochi pale alipolala Vieno. Lilikuwa limelowa, lina joto, na viganja vyake vikatoka na weusi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wenzake wangempa likizo na jina la ugonjwa. Alisafisha kochi kwa maji na sabuni, akajiambia kwamba bomba la ghorofa ya juu linavuja, akaendelea kupokea watu kwa kuwa walikuwa wamepanga miadi na kwa kuwa walimhitaji. Kila mmoja alipolala, Tellervo alisubiri. Wengine hawakusema chochote. Wengine walikunja pua tu. Wote waliamka wepesi, wakamshukuru, na kila aliyetoka alimwacha Tellervo na harufu ile imekaa kwenye nywele zake hata akila.

Aune, mke wa Ilmari, alikuja bila miadi, asubuhi moja, koti hajalifunga vifungo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Daktari, mume wangu haogopi tena," alisema.

"Hiyo si habari mbaya, Aune."

"Haogopi chochote." Alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Jumapili Oskari wetu aliteleza kwenye gati akaangukia ziwani. Ana miaka minne yule. Ilmari alikuwa karibu naye zaidi kuliko mimi. Alisimama akamtazama. Hakukimbia, hakupiga kelele, alimtazama tu kama mtu anayetazama bata. Nimemtoa mimi. Nilipomfokea baba yake akaniambia, kwa upole kabisa, 'Mbona unajisumbua? Tua mzigo.'"

Tellervo aliinuka akafunga mlango.

"Halafu kuna hili la kumpigia simu," Aune aliendelea. "Nashukuru unamjali, lakini naomba usimpigie jioni, akiwa sauna. Anakaa huko hadi mawe yanapoa."

"Sijawahi kumpigia."

Aune alitikisa kichwa. "Nimesimama mlangoni nikakusikia," alinong'ona. "Unamwambia ashuke. Unamwambia kuna ngazi nyingine chini, na nyingine. Nilidhani ameiweka simu kwenye spika. Jana nimeikuta simu yake jikoni."

Mlio wa maji ya mto ukaingia dirishani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Tellervo aliona njia moja tu. Kilichotolewa kirudishwe. Alimwita Ilmari, naye akaja mchana kweupe, amenyoa vizuri, uso laini usio na hata kunyanzi moja, akalala kwenye kochi bila kuambiwa na akashuka kabla Tellervo hajamaliza sentensi ya kwanza, kana kwamba ngazi zile sasa zilikuwa njia ya kwake anayoipita kila siku.

"Uko wapi, Ilmari?"

"Sauna."

"Yule mwanamke yupo?"

"Yupo."

"Mwambie akurudishie hofu yako. Mwambie ni yako, unaihitaji."

Chumba kilianza kupata joto. Mvuke ukatanda kwenye vioo vya dirisha kwa ndani, ingawa jua lilikuwa linawaka nje na dirisha lenyewe lilikuwa nusu wazi, na ile harufu ya masizi mabichi ikaja, si kidogo kidogo kama zamani bali kwa mkupuo mmoja, ikaingia kooni, ikakaa.

"Amegeuka," alisema Ilmari.

"Ana uso gani?"

"Hana uso bado. Ana mdomo." Alimeza mate. "Mdomo ni wako."

"Ilmari, sasa tunapanda. Ngazi ya kwanza, unasikia miguu yako inakuwa mizito na salama, unapanda..."

Na hapo, juu ya maneno yake mwenyewe, kutoka pembe ya chumba iliyokuwa karibu na dari, Tellervo aliisikia sauti yake ikisema, kwa upole uleule, kwa mwendo uleule, na kile kituo kidogo alichokuwa akikiweka kabla ya neno la mwisho, kwamba hakuna haja ya kupanda, kwamba juu kuna baridi na kelele, kwamba chini bado kuna ngazi nyingine. Naye akazidi kusema yake na ile ikazidi kusema yake, sauti mbili zisizotofautishika zikimvuta mtu mmoja, moja juu na moja chini, mpaka Tellervo mwenyewe hakujua tena ni maneno gani yaliyotoka kinywani mwake na ni yapi aliyoyasikia, na akafunga mdomo kwa viganja vyote viwili ili ajue, na alipoufunga sauti ikaendelea.

Ilmari aliamka mwenyewe baadaye, mvuke ulipokwisha kukauka kwenye vioo. Alivaa koti.

"Asante, daktari," alisema. "Umesema vizuri leo."

Jioni ile Tellervo alimweleza Kauko yote. Alitarajia mzaha. Kauko hakufanya mzaha. Alizungusha kikombe cha kahawa mezani hadi kahawa ikapoa, halafu akasema, "Twende kwa Hilja."

Hilja Moilanen alikuwa mpiga chuku, bibi wa upande wa Kuhmo, aliyewaumika watu kwa pembe za ng'ombe ndani ya sauna kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Kauko alimjua tangu ujana. Ndiye aliyemtoa damu mbaya ya mgongo pale madaktari waliposhindwa. Walifika adhuhuri, mbu wamejaa uani kama vumbi, na bibi akawa tayari amewasha jiko. Alimtazama Tellervo mlangoni, akavuta hewa puani.

"Umemleta," alisema. "Haya, ingia, binti. Vua. Wewe Kauko kaa nje na goti lako bovu."

Ndani kulikuwa na mwanga hafifu wa dirisha dogo. Hilja alimkalisha benchi la chini, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, na huku akizipanga pembe alimuuliza maswali, na Tellervo akajibu. Aliposikia habari ya mahali pa amani pa Ilmari, mikono ya bibi ilisimama.

"Mama yako hakukufundisha mvuke wa mwisho ni wa nani?"

"Alisema ni wa mwenyewe," Tellervo alijibu taratibu. Hakuwa amelikumbuka neno hilo tangu utotoni. Huko kwao hawamtaji jini huyo kwa jina. Humwita mwenyewe, mwenye sauna, na watu wakishaoga humwagia mawe maji kidogo, wakatoka, wakamwachia.

"Ni wake," alisema Hilja. "Na siku hizi watu wanaoga kwa umeme, wanazima swichi, wanakwenda kulala. Hakuna anayemwachia kitu. Ana njaa. Halafu ukaja wewe, ukampelekea mtu, kichwa chake wazi kama mlango wa ghala, ukamwambia ampe hofu yake." Aliweka pembe ya kwanza, akaifyonza, ngozi ikavutwa. "Hofu ni mbwa wa mlangoni, binti. Inabweka, inakera, hailali wala haikuachi ulale. Lakini ukimpa mgeni mbwa wako, mgeni ataingia saa anayotaka."

"Nilitaka wapumzike tu."

"Najua. Nawe ulikuwa na nia njema. Nyamaza sasa, nifanye kazi."

Alimchanja na kumwumika, na damu iliyotoka ilikuwa nzito, nyeusi, yenye harufu ileile ya masizi. Bibi alisema maneno yake chini kwa chini, maneno ya zamani ya kufukuza, akiamuru aliyekuja arudi alikotoka, chini ya mawe, chini ya mizizi, na kwa muda Tellervo alihisi mwili ukimpungua uzito na akaanza kuamini. Ndipo mawe ya jiko yakalia chwaa, ingawa hakuna aliyeyamwagia maji. Mvuke ukapanda hadi benchi la juu. Na kutoka huko juu, katika wingu lile, sauti ya Tellervo ikasema:

"Vuta pumzi ndefu. Itoe taratibu. Mikono yako inakuwa mizito."

Maneno ya Hilja yalikatika. Tellervo alisubiri ayaendeleze, hakuyaendeleza, na alipogeuka alimwona bibi yule amesimama na pembe mkononi, kidevu kimeanguka kifuani, kope zimefumbwa, na kifua chake kinapanda na kushuka polepole kama cha mtoto aliyeshiba, huku sauti ikiendelea kumweleza ngazi, moja baada ya nyingine, na miguu yake mikavu ikianza kusogea hatua ndogo ndogo kuelekea kwenye jiko lenye moto. Tellervo alinyakua ndoo ya maji baridi akamwagia yote. Pembe ikaanguka. Bibi akapiga kelele, akamshika mkono, wakatoka nje wote wawili wakiwa uchi na damu, wakaangukia kwenye majani mbele ya Kauko.

Ilichukua muda Hilja kurudisha pumzi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka zaidi ya alivyokuwa alipowapokea mlangoni.

"Nimewafukuza wengi," alisema. "Wale walikuwa na sauti zao, unazisikia unajua ni adui. Huyu ana sauti yako. Na sauti yako umeitengeneza miaka yote ili mtu asiweze kuikataa."

"Nifanye nini?"

"Nyamaza. Usimlaze mtu tena, usiseme hata unapoumia. Usipompa maneno mapya labda atachoka." Alianza kukusanya pembe zake. "Na uwaonye wale uliowapeleka. Wasikae sauna peke yao, na wasikae karibu na maji. Mimi kwako siwezi zaidi, mwanangu. Nisamehe."

Tellervo alifunga chumba cha ghorofani siku hiyohiyo. Kisha akaanza kuwaonya. Alianza kwa kumpigia simu Vieno.

"Vieno, ni mimi, Tellervo. Nisikilize vizuri."

Upande wa pili zikaja pumzi, ndefu, za taratibu.

"Ndiyo," Vieno alisema kwa sauti ya mtu aliye usingizini. "Nashuka."

Tellervo aliitupa simu kama inayochoma. Hilo ndilo jambo ambalo Hilja hakuliona. Wote wale walikuwa wamefundishwa, mara kwa mara, kwenye kochi lile la kijani, kwamba wakisikia sauti hii waachilie na washuke. Hakuweza kuwaonya bila kuwasukuma.

Basi Kauko ndiye aliyepiga. Alikaa jikoni alasiri nzima, miwani puani, akirudia maneno ambayo mkewe alimnong'oneza. Ilikuwa kama kumwagia bata maji. Hakuna aliyekasirika, ingekuwa afadhali wangekasirika. Mmoja alisema hajawahi kuwa na amani kama sasa. Mwingine alisema, "Mwambie mama apumzike na yeye, naona amechoka." Vieno alimsikiliza Kauko hadi mwisho, akamshukuru, akasema anakwenda na dada yake kwenye nyumba yao ya ziwani kwa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kama kila mwaka.

"Vieno, kwa mwaka huu usiende," Kauko alimsihi.

"Kwa nini nisiende?" aliuliza Vieno. "Mimi siogopi kitu tena, hata maji."

Kauko aliweka simu chini. "Wamepona, mama," alimwambia mkewe. "Utamwambia nini mtu aliyepona?"

Tellervo hakujibu. Alikuwa ameshaanza kunyamaza. Alinyamaza mezani, alinyamaza kitandani, akajifunza kuomba chumvi kwa kidole, na Kauko, ambaye alizoea kumtania, alijikuta anaongea peke yake na redio. Siku zikapita bila harufu. Wakaanza kutumaini.

Mkesha wa Juhannus, wakati majirani wanaleta matawi mabichi ya kujipigia mvukeni na watoto wanarundika kuni za moto mkubwa ufukweni, simu ya Kauko ililia. Alikuwa Aune. Kauko alisikiliza, akachukua funguo za gari.

"Ilmari yuko sauna tangu kahawa ya mchana," alisema. "Mlango haufunguki. Aune anasema ndani kuna mtu anasema."

Jua lilikuwa bado juu ya miti walipofika, jua lile la huko lisilojua kutua, na ziwa lilikuwa shwari kama kioo. Mlango wa sauna ulikuwa wazi sasa. Ilmari alikuwa majini. Alikuwa anatembea uchi kwenda ziwani, maji yamefika kiunoni, mikono imelegea ubavuni, hana haraka, kama mtu anayeshuka ngazi nyumbani kwake gizani na anajua kila ngazi ilipo. Aune alikuwa amemshika mkono na anavutwa naye, analia bila sauti, na mtoto Oskari alisimama kwenye gati akiwa na soseji mkononi.

Tellervo alikimbia hadi ukingoni na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ilmari, rudi!"

Ilmari alisikia. Bega lake lililegea, kichwa kikainama kwa utiifu, na akaongeza mwendo.

Tellervo alijiziba mdomo. Alijing'ata kiganja hadi akasikia ladha ya chumvi, akapiga magoti kwenye mawe, kwa maana hakukuwa na neno lolote duniani ambalo angelisema yeye likawa la kumrudisha mtu yule, hata jina lake, hata hapana, hata sala, na kila alilolijua la kuokoa mtu lilikuwa kinywani na kinywa hakikuwa chake tena. Kauko alimpita akichechemea, na viatu vyake na suruali yake, akaingia majini akitukana matusi ya msituni kwa sauti ya kukwaruza isiyompendeza yeyote, akamkumbatia Ilmari kwa nyuma, yeye na Aune wakamwangusha, wakamburura, maji yakawafika kooni wote watatu kabla hayajaanza kupungua.

Walimlaza juu ya majani. Alikuwa hai. Alitazama mbingu kwa macho laini yasiyouliza kitu, na Aune akamfunika koti, akamlalia kifuani kana kwamba upepo ungemchukua.

"Amepona?" Oskari aliuliza.

Kauko alikaa karibu na mkewe, anatweta, maji yanamchuruzika ndevuni. Ng'ambo ya ziwa mioto ya sikukuu ilikuwa imeanza kuwashwa, mmoja hapa, mmoja pale, na moshi wa sauna ulisimama wima kwenye kila ghuba, na watu wadogo kama mchwa walitembea kwenye magati yao.

Kisha ikaanza. Ilikuja juu ya maji, kutoka mbali upande wa ghuba za mashariki ambako hakuna barabara, sauti ya mwanamke ya chini, ya taratibu, isiyoharakisha mtu, na upepo ulipotulia maneno yakafika wazi. Iliita jina. Halikuwa jina la Ilmari. Ikaliita tena kwa upole, ikaweka kile kituo kidogo, na ikaanza kuhesabu ngazi. Ilipofika chini ikanyamaza, na kwenye gati moja ng'ambo ile mtu mmoja hakuwepo tena. Halafu ikaita jina lingine.

Kauko aligeuka akamtazama mkewe.

"Si ni wale niliowapigia simu?" alinong'ona. "Mama, ni wao?"

Tellervo aliwajua wote. Alimtazama mumewe kwa macho yaliyojaa maji, viganja viwili vimebana mdomo, na hakuthubutu kuvitoa.